Fremu Yangu ya Tausi Plaza

Jumanne, 15 Julai

Nimetengwa! Miaka ishirini na miwili nashona hapa Kiseke, na leo nimetengwa na mtaro.

Naandika kwa utaratibu ili siku nikifa watu wajue ukweli. Kiwanja chote kilicho mbele ya duka langu kimenunuliwa na kampuni. Litasimama jengo la ghorofa sita, jina lake Tausi Plaza. Chini maduka, katikati ofisi, juu nyumba za kupanga, na lifti kwa wasiopenda ngazi. Kiseke hatuna tausi hata mmoja. Tuna korongo, nao wanashinda jalalani. Lakini sawa.

Ndani ya kiwanja kuna vibanda arobaini. Vyote vitabomolewa. Leo vijana wa kampuni wamepita na kopo la rangi, kila kibanda wamekipiga X nyekundu na namba chini yake. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Chenge, ametangaza kwamba wenye vibanda hivyo watapewa sehemu ya muda uwanja wa chini, na jengo likiisha kila mmoja atapata fremu ya duka. Ghorofa ya chini. Mlango wa kioo!

Namba arobaini ni Zadok Otuoma, fundi cherehani kama mimi. Kama mimi kwa jina la kazi tu. Amekuja juzi kutoka Musoma, hana hata miaka mitano, na suruali anazoshona mifuko inafika gotini. Kibanda chake kiko hatua nane kutoka dukani kwangu. Nimezihesabu mara tatu. Katikati unapita mtaro, na mtaro ndio mpaka. Yeye ndani, mimi nje.

Nimemfuata kijana wa rangi nikamwambia amesahau kibanda kimoja. Kaangalia karatasi yake, kasema hajasahau. Nikamwambia aangalie vizuri. Kasema ameangalia vizuri, mzee. Mzee!

Jioni Zadok amevuka mtaro kuja kunipa pole. Anasema tutaendelea kuwa majirani. Yeye kwenye kioo, mimi kwenye bati! Nimemjibu kwamba sina haja ya pole, nitake nini mimi kwa mtu wa kushona sare za kwaya?

Mke wangu Mboni kasema tushukuru Mungu hatubomolewi. Mboni haoni mbali.

Alhamisi, 17 Julai

Wamezungushia kiwanja mabati, na kwenye mabati wamebandika picha kubwa ya jengo litakavyokuwa. Nimesimama kuitazama nusu saa. Watu wamebeba mifuko, wanacheka na meno yote. Mtoto ana puto. Mtaro wetu umegeuka chemchemi ya maji ya kurusha juu.

Nikatafuta duka langu. Mahali lilipo pamesimama mnazi. Mnazi, Mwanza! Na chini ya mnazi kuna kiti, na kwenye kiti hakuna mtu.

Hapo ndipo damu ilipochemka. Duka hili aliliacha marehemu baba. Yeye ndiye aliyepigilia mbao, na ukutani ameandika kwa penseli vipimo vya wateja wake wote, mabega, viuno, urefu wa mikono. Nusu yao wamekwishazikwa, lakini vipimo vyao vipo. Na mimi wananifuta kwa mnazi.

Nimekaa kwenye cherehani nikafikiri. Wanaobomolewa wanapata fremu. Wanaobomolewa ni wenye X. X ni rangi nyekundu tu. Nyumbani ninalo kopo la rangi nyekundu lililobaki tulipopaka geti.

Sioni kasoro yoyote.

Ijumaa, 18 Julai

Baada ya swala nimeshona reflekta. Zile fulana za njano zenye mistari ya kung'aa wanazovaa watu wa kampuni. Za kwao ni aibu, kitambaa kimoja na uzi unaning'inia. Yangu nimeipindisha pindo la mara mbili, nimetia bitana mabegani, na ndani upande wa kushoto nimeweka mfuko wa siri. Mfuko huo haukuhitajika. Lakini kazi ni kazi.

Kofia ngumu nimeazima kwa fundi mwashi. Barakoa ninayo tangu enzi za korona. Mboni kaniuliza nashona nini. Nimemwambia oda ya serikali.

Jumamosi, 19 Julai

Zadok ni Msabato. Jumamosi nzima yuko kanisani, cherehani yake imefunikwa shuka. Siku hii ni yangu peke yangu, na ndiyo niliyoichagua.

Saa nne asubuhi nimebadilisha nguo nyuma ya jiwe kubwa lililo juu ya duka, nikashuka dukani kwangu nikiwa mtu wa kampuni. Kopo mkono mmoja, brashi mkono mmoja, rula yangu ndefu ya kazi kwapani. Nikapiga mstari wa kwanza. Umenyooka! Wa pili ukaukata wa kwanza katikati kabisa, maana nilipima. Chini nikaandika 41. Nilikuwa natengeneza kichwa cha ile moja ndipo mwiko uliponishukia mgongoni.

Odeta! Mama lishe wa kibanda namba thelathini na tisa. Mwiko wenyewe wa ugali, na ugali ulikuwemo, wa moto. Kaniita mwizi, kaniita kunguru. Anasema Khalidi wa watu ana kosa gani, hayumo kwenye orodha yenu, hamjamwahidi chochote, mnataka kumbomolea bure! Mwanamke huyu haelewi mambo haya. X ndiyo orodha yenyewe.

Lakini naandika ukweli: sijawahi kutetewa hivyo maishani. Machozi yalinilengalenga juu ya barakoa. Nilitaka kumshukuru, ila nilikuwa mimi ndiye adui. Nikajaribu kusema kwa sauti ya Dar kwamba natekeleza majukumu. Kanipiga tena.

Nikakimbia. Kanikamata reflekta kwa nyuma, vifungo vikaachia, yeye akabaki nayo na mimi nikabaki na maisha yangu. Nasisitiza vilivyoachia ni vifungo. Mshono haukufumuka hata uzi mmoja.

Nimepita juu ya mawe, nikavaa kanzu, nikarudi kwa njia ya msikitini nikiwa Khalidi. Odeta alinipokea kwa kilio. Nilipoiona X nikashika kichwa, nikakaa chini, nikasema Mungu wangu nimewakosea nini. Nadhani nilizidisha kidogo, maana walinimwagia maji. Halafu Odeta kanipa ugali na sato bure. Ugali wa mwiko ule ule.

Jumapili, 20 Julai

Wameniandama kwa huruma! Tangu asubuhi duka limejaa watu wa pole. Zadok amekuja na mkewe, wameniombea, sala ndefu, na jina langu limetajwa mara tano. Halafu Zadok katoa karatasi. Ameandika barua kwa kampuni, kwa mwandiko mzuri, kuomba X ya jirani yake Khalidi ifutwe kwa kuwa amepigwa kimakosa.

Nikasema tusiwasumbue watu wa kampuni, wana kazi nyingi. Zadok kasema hapana kaka, haki haiombwi kwa aibu. Watu wakapiga makofi. Watu thelathini na saba wamesaini. Mimi nimesaini wa thelathini na nane, kupinga kubomolewa kwangu mwenyewe, kwa kalamu ya Zadok.

Nimejitolea kuipeleka barua mimi mwenyewe. Wakasema nina moyo.

Mboni kanitazama. Kisha kaniuliza mgongo unauma nini, maana nakaa upande. Nimemwambia baridi ya ziwa.

Jumanne, 22 Julai

Barua ilikuwa karatasi nzuri, ngumu. Nimeikata iwe kipimo cha kola. Kola imetoka safi.

Saa nane Odeta amepita, kaniuliza nimefikisha. Nimesema nimefikisha. Kasema vizuri, lakini kwa usalama yeye alitoa kivuli cha barua kwenye mashine kabla sijaondoka nayo, na leo asubuhi ametuma kivuli hicho kwa bodaboda hadi ofisini kwao.

Nani kamfundisha mwanamke huyu kutoa vivuli?

Alhamisi, 24 Julai

Afisa wa kampuni amekuja. Jina lake Alexander, kijana, viatu vimechongoka, anatembea na kishikwambi. Watu wote wamekusanyika nyuma yake. Kainama kuiangalia X yangu, kaangalia kishikwambi, kaangalia mtaro. Kasema namba zao zinaishia arobaini. Arobaini na moja haipo. Duka hili liko nje ya mpaka na halitaguswa.

Watu wakashangilia. Odeta akapiga vigelegele. Zadok akanikumbatia!

Mimi nikasema, ngoja kwanza. Nikamuuliza Alexander ana uhakika gani. Nikamwambia mipaka huwa inakosewa. Nikamwambia mvua za masika ziliuhamisha mtaro, zamani ulikuwa unapita kule nyuma ya duka langu, kwa hiyo kwa haki mimi niko ndani. Kasema ramani imepimwa kwa setilaiti. Nikamwambia setilaiti haijawahi kufika Kiseke. Nikapandisha sauti. Nikasema mimi ni mwananchi, na kama wenzangu wanabomolewa na mimi nibomolewe, sitaki upendeleo!

Halafu Mzee Chenge kaniwekea mkono begani, kawaambia watu kwamba mshtuko unamfanya mtu aseme chochote.

Alexander kasema Jumatatu saa nne atakuja mtu na rangi nyeupe kuifuta X. Katapila litaanza kazi Jumatatu hiyo hiyo, saa moja.

Saa moja huja kabla ya saa nne. Hilo wamelisahau wote isipokuwa mimi.

Ijumaa, 25 Julai

Dereva wa katapila anaitwa Ngosha, mtu mpana, mpole. Nimemkuta anakunywa chai kwa Odeta, zipu ya suruali imeharibika, amebana kwa pini. Nimembadilishia zipu hapo hapo, bure. Nikamuuliza kwa mbali kidogo, kama anayezungumzia hali ya hewa, yeye anajuaje kipi abomoe na kipi aache. Anasoma orodha?

Kasema orodha ni mambo ya ofisini. Yeye haangalii karatasi, anaangalia X.

Nikamwambia basi Jumatatu aanzie upande wa huku kwangu, kuna kivuli. Kasema hakuna shida, mzee wangu, zipu imekaa vizuri.

Mtu wa kwanza mwenye akili kukutana naye tangu wiki hii ianze!

Jumatatu, 28 Julai

Siku yangu.

Nimemwambia Mboni naondoa cherehani dukani kwa sababu ya vumbi. Cherehani, mikasi, pasi, nguo za wateja, vyote nimevitoa alfajiri kwa mkokoteni. Kisha nikarudi nyumbani kuvaa suti yangu ya kijivu na tai, kwa sababu mtu hapokei fremu akiwa na kandambili. Tai ilinichukua dakika ishirini.

Saa moja kamili katapila lilinguruma. Ngosha aliniona, akanipungia mkono, akainua lile koleo lake. Odeta alitoka mbio akipiga kelele kwamba hilo silo, hilo limefutwa, simamisha! Zadok akaruka mtaro, mzima mzima, akasimama mbele ya katapila amenyoosha mikono. Nilimvuta kwa mkanda. Nilimwambia amwache mtu afanye kazi yake.

Paa lilikwenda kwanza. Halafu ukuta wa mbele, na X yangu ilionekana mpaka dakika ya mwisho, imenyooka. Halafu ukuta wa ndani.

Ukuta wa ndani. Vipimo vya baba! Nilikuwa nimepanga kuung'oa ubao ule mapema, nimeshika hadi bisibisi, kisha nikaenda kufunga tai. Niliiona penseli yake kwa nukta moja, safu kwa safu, kisha vumbi. Nilipiga kelele Ngosha asimame, lakini kelele ziliposikika hakukuwa na kitu cha kusimamishia. Imeniuma. Sitaandika zaidi ya hapo. Imeniuma sana.

Nilijifuta uso, nikaweka tai sawa. Watu walikuwa wanalia, mimi nikasimama barabarani kichwa juu. Mnazi wao hautapata nafasi hata ya mzizi mmoja.

Jumanne, 29 Julai

Nimekwenda ofisi ya serikali ya mtaa kusaini fremu. Foleni ya watu arobaini, mimi wa arobaini na moja, kama nilivyoandika. Mzee Chenge anasoma majina kwenye karatasi. Majina! Kila aliyeitwa amesaini. Baada ya Zadok Otuoma akafunga faili.

Nikamwambia bado mimi. Kasema simo. Nikamwambia nimebomolewa, X ninayo, ama niseme nilikuwa nayo. Kasema kwa upole kwamba X ilikuwa ya dereva wa katapila, ili ajue pa kupiga. Fremu ni kwa majina, na majina yaliandikwa tangu mwezi wa tatu.

Kwa nini mambo ya msingi namna hii hayatangazwi?

Nilikaa kwenye benchi, suti yote. Sina duka. Sina fremu. Nina cherehani sebuleni, na Mboni tangu jana haongei na mimi ila kwa kupitia paka.

Lakini subiri! Alasiri Alexander amekuja mwenyewe, jasho linamtoka. Kampuni imebomoa duka ambalo halikuwa lake, mbele ya mtaa mzima, siku nne baada ya afisa wao kusema halitaguswa. Wakubwa wake wamekasirika. Kaniambia Alhamisi kutakuwa na kikao. Ikithibitika kwamba X ile ilichorwa na mfanyakazi wao, hata kwa makosa, kampuni itanipa fremu ya kuniomba radhi. Ya kona, pale lango kuu!

Ya kona! Zadok hana kona!

Ninachotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu. Mtaa mzima uliona mtu wa reflekta na kofia ngumu. Mtu wa kampuni. Nani asemaye vinginevyo? Nimefanya mazoezi ya kukaa kimya jioni nzima. Mboni kamwambia paka kwamba hii ni mara ya kwanza.

Alhamisi, 31 Julai

Nina hasira, lakini naandika.

Kikao kilianza vizuri. Meza moja, Mzee Chenge kichwani, Alexander na kishikwambi chake, mimi katikati, Zadok pembeni yangu kama jirani. Odeta alitoa ushahidi. Alisema mtu wa kampuni, mrefu, mbaya, mwenye macho ya wizi. Nilivumilia. Kisha akatoa mfuko, na ndani ya mfuko akatoa reflekta yangu, ameikunja vizuri, akaiweka mezani.

Alexander akaigeuza geuza. Akasema hii si ya kampuni. Za kwao zina nembo mgongoni. Hii imeshonwa na mtu. Akauliza, bila ubaya, hapa Kiseke mafundi cherehani ni akina nani.

Watu wote wakatutazama, mimi na Zadok.

Nilikaa kimya! Naapa nilikaa kimya. Ndipo Zadok alipoomba aione. Akaichukua, akaipeleka dirishani, akapitisha kidole kwenye mshono wote mpaka mwisho. Akanitazama. Akatazama tena mshono. Halafu akageuka, akamwambia Alexander kwamba hii haikushonwa na fundi yeyote. Hii, akasema, ni kazi ya mtu asiyejua kushika sindano. Tazama pindo, limekwenda upande. Mshono umelegea. Mabega hayana kitu. Hata mwanafunzi wa wiki moja hawezi kufanya hivi, achilia mbali Khalidi, kwa hiyo itakuwa ilishonwa hukohuko kambini kwenu na kibarua wenu.

Alexander akaanza kutikisa kichwa kukubali. Akaanza kuandika.

Pindo limekwenda upande!

Zadok alinikanyaga mguu chini ya meza. Alinikanyaga mara mbili, na kwa nguvu. Tusi juu ya tusi! Nikasimama. Nikasema pindo gani limekwenda upande, wewe unalijua pindo? Hilo ni pindo la mara mbili, vuta uone! Nikainyakua. Mabega hayana kitu? Nikawageuzia bitana, kila mtu aone. Nikamwambia Zadok kwamba angeweza kuishi Musoma miaka mia asingeweza kushona mfuko kama huu. Akauliza kwa sauti ndogo, mfuko upi, kaka, kaa chini. Hakuna aliyekuwa anaujua huo mfuko. Nikaingiza vidole ndani upande wa kushoto, nikaufungua mbele ya kikao kizima, na humo ikatoka chaki yangu ya kazi.

Odeta alinitazama uso, kisha mgongo, kisha akaweka mkono mdomoni. Alexander alifunga kishikwambi. Mzee Chenge alisema bismillahi, na yeye ni Mkatoliki.

Nilitoka nimenyoosha shingo. Fremu imekwenda, lakini jina la kazi yangu limebaki safi. Mboni, nilipomweleza, hatimaye amezungumza na mimi. Kasema Zadok aliujua mshono wangu tangu aliposhika kile kitambaa, na alikuwa ananiokoa. Nimemwambia huo ni wivu tu. Mtu wa kukuokoa hakukanyagi mguu.

Jumapili, 3 Agosti

Nashonea uwanja wa chini, kwenye sehemu ya muda ya Zadok. Ni yeye aliyekuja nyumbani na mkokoteni. Alisema kibanda ni kipana, na jengo likiisha fremu yake ina kuta mbili ndefu, cherehani mbili zitakaa. Nilikuwa nakataa, lakini Mboni alikwisha kuipakia cherehani yangu.

Kwenye nguzo kulikuwa na ubao umepigiliwa. Umepasuka upande, umechafuka. Vipimo vya baba, safu tatu. Zadok aliutoa kwenye kifusi siku ile ile, kabla gari la taka halijaja. Aliendelea kushona.

Nilikaa nikausoma wote. Nikajifanya natafuta uzi. Kisha nikamwambia ameupigilia juu kidogo.

Odeta ananiuzia ugali bei ya wageni.

Jumamosi, 9 Agosti

Kisesa! Jibu ni Kisesa!

Jana mteja wa Zadok, mtu wa kupunguza suruali, kasema watu wa kampuni ile ile wameonekana huko, nje ya mji, wakipima mashamba ya kando ya barabara. Kutajengwa Tausi Plaza ya pili, kubwa zaidi, na stendi yake. Wenye ardhi wataandikwa, na mwenye kaburi la familia anaandikwa wa kwanza kabisa, kwa sababu kaburi halirukwi. Sikumaliza kumpima kiuno.

Shemeji, kaka yake Mboni, ana shamba la mihogo pale pale. Kaburi hana. Ni uzembe.

Leo alfajiri nimekwenda na jembe, nusu mfuko wa saruji na rula. Nimechimba, nimefukia, nimepandisha tuta zuri lililoelekea panapotakiwa, na kichwani nimesimamisha bamba la saruji. Kazi safi. Ikabaki jina. Babu amezikwa Ujiji na watu wanajua. Shangazi ningemweka, ila yuko hai na ana simu. Nikakaa juu ya tuta nikafikiri kwa utulivu, nikajiuliza Kiseke nilikosea wapi. Nilihangaika na X wakati wenzangu wana majina. Kosa hilo mtu mwenye akili halirudii.

Kwa hiyo nimeandika kwa msumari, saruji ikiwa bado mbichi: KHALIDI YUNUS, FUNDI.

Shemeji amekuja kukagua mihogo. Amesoma. Amevua kofia. Kaniuliza kama Mboni ana habari. Nimemwambia atapata habari fremu ikitoka. Kaondoka kinyumenyume.

Herufi zimenyooka zote, hata ile K. Waje sasa na setilaiti yao na orodha yao. Waje, wainame, wasome, halafu waniambie tena kwamba simo.